Kisichoondoka Chenyewe

Nyumbani kwetu Bukundi, ukiuliza nani analisha samaki, jibu ni kila mtu. Watoto huwalisha wakitoka shule. Mgeni akiingia, hata salamu hazijaisha, anawaona furu wamejipanga kwenye kioo wakifungua na kufunga midomo, anasema, "Hawa wana njaa, jamani," na mkono wake uko tayari kwenye kopo la dagaa waliosagwa. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kukubali kwamba ndani ya nyumba yake kuna kiumbe aliyeshiba, huwaongezea chembe za ugali. Furu naye hana adabu ya kusema basi.

Matunda ya ukarimu huo ni maji ya kijani. Sisemi ule utelezi unaoshika kioo na mawe, ambao unaukwangua ukaisha. Nasema maji yenyewe kugeuka, hata ukichota kwenye glasi unaiona rangi. Ni mwani wa chembe moja moja, mdogo kiasi cha kupenya kitambaa unachochujia, unaoelea kwa mamilioni. Samaki humuoni mpaka asogee karibu kabisa na kioo.

Tangi lenyewe halina makuu: vioo alivyokata fundi wa madirisha kule Bariadi, vikaunganishwa kwa silikoni, pampu ndogo ya hewa, na mchanga wa mtoni. Furu walitoka upande wa Busega, ziwani, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Majirani wanaona ni kichekesho, na siwalaumu. Meatu ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, na maji huku yana foleni. Kuyaweka ndani ya kioo ili aogelee samaki ambaye haliwi ni jambo linalodai maelezo. Maelezo yangu ni kwamba lile tangi limenifundisha mambo ambayo vikao vingi vya ukoo havikunifundisha, ingawa mwishoni vilikuja kufundisha jambo lilelile.

Dawa za maji ya kijani ni nyingi, na nyingi zinafanya kazi kwa muda. Sogeza tangi mbali na dirisha. Lifunike blanketi zito siku kadhaa. Mwani ukikosa mwanga hufa, na ukifunua unakuta maji yametakata kiasi cha kumwita jirani aje ashangae. Mwenye fedha atanunua taa ya miale ya urujuanimno, maji yapite humo na mwani uuawe ukiwa njiani. Huku kwetu yupo pia anayejua mbegu za mlonge: zisage, koroga, acha, tope na vinavyoelea vikamatane na kutua chini. Halafu baada ya wiki chache kijani kinarudi, mara nyingine kizito kuliko kile cha kwanza.

Hakuna uchawi hapo. Mwani unapokufa haumaliziki, unaoza. Kilichokuwa mwilini mwake kinarudi majini, na humo kuna kitu kimoja kisicho na njia ya kutoka: fosfeti.

Tuachane kidogo na rangi. Chakula cha samaki kina nitrojeni na kina fosforasi, ambayo majini ndiyo ile fosfeti. Nitrojeni ni msafiri. Kwenye mchanga wa chini usio na hewa wapo bakteria wanaoigeuza kuwa gesi, ikapanda juu na kwenda zake. Hata ikipungua majini, wapo viumbe wa kijani-samawati wanaoweza kuivuta tena kutoka hewani. Fosforasi haina gesi ya kuondokea. Ikishaingia tangini kwa njia ya dagaa, inahama tu: kutoka kwenye chakula hadi kwenye samaki, kwenye kinyesi, kwenye maji, kwenye mwani, kwenye mchanga, na kurudi. Inabadilisha nyumba bila kuhama kijiji. Na kidogo chake kinatosha kufanya makubwa. Ziwa huanza kuhesabiwa kuwa limerutubika kupita kiasi likifikia kama gramu moja ya fosforasi katika lita 30,000 za maji, na kilo moja ya fosforasi inaweza kuotesha hadi kilo 500 hivi za mwani mbichi.

Jambo hili watu walilibishania sana, maana watengeneza sabuni walikuwa na faida ya kuilinda. Mwaka 1973, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario huko Kanada, mtafiti David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo lenye kiuno chembamba, linaloitwa kwa namba tu, Ziwa 226, wakalikata kati kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili walizipa kaboni na nitrojeni. Upande mmoja wakauongezea fosforasi. Ndani ya wiki chache upande huo ulikuwa kijani kibichi, na wa pili ukabaki mweusi na safi. Picha iliyopigwa kutoka angani ilifanya kazi ambayo vitabu havikuiweza: serikali kadhaa zilianza kubana fosfeti kwenye sabuni za kufulia. Nimeitazama picha ile mara nyingi. Mwanga ulikuwa mmoja, jua moja, mvua moja. Kilichotofautiana ni kile alichotia binadamu.

Lakini kilichonishughulisha zaidi kilikuwa jambo la jikoni kabisa, nalo ni kujazia. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kukauka, hasa miezi ya Agosti na Septemba, upepo wa Meatu unaponyonya unyevu hata kwenye midomo ya watu. Kila asubuhi mtu humwaga jagi moja, tangi likajaa, na nyumba nzima ikaamini kuwa maji yamebadilishwa. Hayajabadilishwa. Yaliyopanda hewani yalipanda peke yake, safi, na mzigo wote yaliuacha chini. Kujazia bila kutoa ni kuongeza mzigo juu ya mzigo, kwa sababu hata maji mapya yana chake.

Mtu wa Bukundi hahitaji kwenda maabara kulielewa hili. Sisi tunaishi upande wa Sibiti, na Mto Sibiti unatoka Kitangiri kwenda Eyasi, ziwa lisilo na pa kutokea. Maji yote yanayofika Eyasi huondoka kwa jua tu, na jua halibebi chumvi. Ndiyo maana ziwa lile ni la magadi na kingo zake huwa nyeupe kiangazi. Hata Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 na lenye mto wa kutokea kule Jinja, sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kupanda hewani kuliko kwa kuingia Nile. Mito kama Simiyu, Mara na Kagera inaleta udongo wa mashamba na malisho, moshi na vumbi la nchi kavu vinatua juu yake, miji inamwaga yake, na jua linachukua maji matupu.

Matokeo yake wanayajua wavuvi wa Lamadi na Magu, na furu wanayajua zaidi. Ziwa lile lilikuwa na aina zinazokisiwa kufikia 500 na zaidi za furu, nyingi hazipo mahali pengine popote duniani. Tangu 1977 timu ya watafiti wa Uholanzi kutoka Leiden ilikuwa Mwanza ikiwahesabu pamoja na wenyeji. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alipofumuka miaka ya 1980, aina nyingi zikatoweka machoni pao. Sangara amebeba lawama, na anastahili sehemu yake. Lakini mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mkosaji mwingine, aliye mpole kwa kutazama: maji mazito ya kijani. Furu jike huchagua dume kwa rangi. Kwenye visiwa vya mawe vyenye maji maangavu, kama Makobe, wapo wawili wa damu ya karibu, mmoja dume lake lina mgongo mwekundu, mwingine buluu, na majike hawakosei. Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji yakawa mazito, mwanga wa buluu haufiki, wekundu na ubuluu vinakuwa kitu kimoja cha kijivu, na majike wanachanganya. Hakuna anayeliwa wala anayekufa, ila koo mbili zinageuka moja, na tofauti iliyochukua vizazi vingi kujengeka inafutika.

Yule mwekundu anaitwa kitaalamu Pundamilia nyererei. Alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Leo anafugwa kwenye matangi ya sebuleni Ulaya na Marekani, na wafugaji wake wanahangaika na fosfeti kwa vipimo na vichujio ghali ili rangi yake ionekane. Hilo linanichekesha kwa uchungu kidogo.

Sasa nirudi kwenye ukoo, maana huko ndiko nilikokuwa naelekea.

Tuna msemo tunaoupenda kupita kiasi: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwetu husemwa hasa misibani, kaburi likiwa bado bichi, na mzee anayeusema huonekana ana hekima. Baba yangu mkubwa na baba yangu mdogo waliusikia kila msiba kwa miaka mingi, wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Jambo lao lilikuwa ng'ombe. Dada yao alipoolewa, babu alisema mahari ile imsaidie mdogo naye apate kuoa. Ng'ombe wakaingia zizi la mkubwa, na humo wakabaki, kwa sababu ambazo kila upande una simulizi yake. Mdogo alioa kwa jasho lake la pamba. Hakugombana. Walisalimiana, walizikana, walialikana. Ungewapima siku ya sherehe usingekuta kitu.

Hapo ndipo tangi lilinisaidia kufikiri. Kipimo cha fosfeti ni chupa ndogo na dawa ya matone. Maji yakiwa nayo hugeuka buluu. Ukipima maji ya kijani kibichi, mara nyingi kipimo hubaki cheupe, kinasema hakuna. Hakidanganyi. Mwani umeimeza yote, hakuna iliyobaki huru ya kupimwa. Fosfeti imekwisha kuwa ile rangi unayoitazama.

Ndivyo ilivyokuwa. Ng'ombe wa mahari hawakutajwa kamwe, lakini kila mwaka kulizuka jambo dogo na kukuzwa kupita kimo chake: mbuzi aliyeingia shambani, jina alilopewa mtoto, nani akae wapi kwenye harusi, mkokoteni uliorudishwa na gurudumu bovu. Kila jambo lilipatanishwa peke yake, likafa, na likaozea palepale na kulisha linalofuata. Tulikuwa mahodari wa kuua mwani. Wazee walitumia akiba yao yote ya maneno kwa gurudumu la mkokoteni.

Wapo wanaosema muda huponya. Kwa nitrojeni, nakubali. Yapo maudhi ambayo ukiyaacha yanapanda hewani yenyewe, na ni ujinga kuyaitia baraza: neno alilolisema mtu akiwa na njaa, mwaliko uliosahauliwa. Lakini kilichochukuliwa na hakijarudishwa ni cha jamii nyingine. Muda ukikipitia unafanya kama jua la Eyasi, unaondoa maji na kubakiza magadi. Watoto wa yule mdogo walirithi uchungu mkali kuliko wa baba yao, na hawakuwa wamewahi kuwaona wale ng'ombe.

Aliyelimaliza ni bibi, akiwa mzee sana, na hakutumia msemo wowote. Kwenye kikao kilichoitishwa kwa ajili ya mbuzi aliuliza, "Ng'ombe wa binti yangu wako wapi?" Watu wakatazama chini. Ukianza kuhesabu uzao wa miaka yote ile hesabu haina mwisho, na baba mdogo mwenyewe alisema haitaki. Alitaka mtamba mmoja, atoke zizi lile, apite njia ya mbele, mchana, aingie zizi lake. Ikawa hivyo. Bado wanabishana, wote wana ndimi kali, ila sasa ubishi wao unakwisha. Baba mkubwa aliwahi kulalamika kwamba angeweza kutoa mtamba yule zamani kama kuna mtu angemwomba. Huenda ni kweli. Ndani ya nyumba yenye adabu, kumwomba mtu akitoe kilichopo ni kazi ngumu kuliko kumsamehe.

Nikirudi tangini, nina shaka na suluhisho moja ambalo wafugaji wa samaki wanalisifu. Ni chembechembe za kutu ya chuma, zinazowekwa kwenye kichujio. Chuma kilichoshika kutu huinasa fosfeti na kuishikilia. Ndiyo sababu udongo mwekundu hummezea mkulima mbolea yake ya kupandia, mahindi yakabaki na majani ya zambarau huku fosfeti ipo pale pale chini ya mizizi. Ukizitoa chembe hizo na kuzitupa, umefanya kazi. Ukiziacha humo, au ukitegemea tope la chini likushikie, unangojea siku umeme utakapokatika. Oksijeni ikiisha chini, chuma hulegea na kuachia kila kilichokuwa kimeshikwa, kwa mkupuo. Maziwa makubwa hufanya hivyo pia, na ndiyo maana ziwa lililochafuliwa linaweza kuendelea kuwa kijani miaka mingi baada ya mifereji kuzibwa.

Magugu maji yalitufundisha hilohilo. Miaka ya 1990 yaliziba ghuba na gati za Ziwa Victoria kiasi cha boti kukwama. Fukusi waliletwa kuyatafuna, mawimbi na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998 vikasaidia, yakapungua sana, na watu wakashangilia. Yalizama na yote yaliyokuwa yamekula.

Basi tangini kwetu tumeacha dawa, tumeshika kubeba. Kopo la dagaa liko juu ya kabati ambalo shangazi halifikii, jambo lililoleta kikao chake chenyewe. Kila wiki theluthi ya maji hutolewa kwa mpira, ule wa kunyonyea kwa mdomo, ukipitishwa juu ya mchanga ili uondoke na uchafu uliotua. Jirani mmoja aliona akauliza kwa ukali, "Mwalimu, ng'ombe hawana maji ya kunywa, wewe unamwaga ya samaki?" Swali zuri, na kwa Bukundi ndilo swali pekee. Nikamwonyesha yanakokwenda: kwenye tuta la mchicha nyuma ya nyumba. Kwa samaki yamekuwa sumu ya polepole, kwa mchicha ni mbolea.

Na juu ya tangi tumeotesha matembele. Unachukua kipande cha mtambaa wa viazi vitamu, unakining'iniza mizizi ikae majini na majani yakae juu hewani. Msukuma hakosi viazi. Tunaokula michembe mwaka mzima tunajua jinsi zao hili lilivyo na uchu. Mizizi hujaza kona nzima, nyeupe na ndefu, na mwani huanza kukosa riziki. Majani yakiwa mengi hukatwa, yakapikwa kwa karanga. Dagaa tunaonunua sokoni Mwanhuzi wametoka Ziwa Victoria wakiwa na fosforasi ya ziwa mifupani mwao, wakasagwa, wakapita kwa furu, wakapita kwenye maji, na sasa wako kwenye sahani pembeni ya ugali. Shangazi, aliyeudhika kwa ajili ya kopo, anakubali kwamba hapo samaki wameanza kuwa na faida.

Hesabu hiyo imenifanya nilitazame zizi letu kwa jicho jingine. Watanzania tunachimba fosfeti Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, kwenye mawe yaliyotokana na kinyesi na mifupa ya ndege wa ziwa la kale. Mkulima wa Meatu akitaka mbolea yenye fosfeti ya kiwandani anatoa fedha taslimu. Na nyuma ya nyumba yake samadi imelundikana mpaka uzio wa zizi umefukiwa nusu, kwa sababu shamba liko mbali, mkokoteni ni wa kukodi, na kizazi chetu kimeamua kwamba kubeba samadi ni kazi ya aibu. Mvua za kwanza haziulizi aibu. Zinaichukua bure na kuipeleka lamboni, na ifikapo Januari lambo ni kijani na ng'ombe wanasita kunywa.

Mwaka huu nimepatana na yule jirani wa swali la maji. Ana mkokoteni na maksai wawili, mmoja mvivu. Sisi tuna samadi ya miaka. Safari moja shambani kwake, moja kwetu, mpaka zizi lifike kwenye udongo. Anataka tuanze na shamba lake kwa sababu ndilo la mbali, mimi nataka tuanze na upande wa zizi unaotazama lambo, na mvua za Novemba haziko mbali.